Jembe Lilitupa Nini, Likatutoza Nini?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jiwe la kusagia kwenye kona ya jiko, limeinamishwa kidogo upande wa mbele ili unga uteremke wenyewe kwenye ungo. Kwetu Singida uwele na mtama ndivyo vilivyotulisha, na mashine ya kusaga ilikuwa mbali. Kila jioni alipiga magoti nyuma ya jiwe lile, akakunja vidole vya miguu vishike ardhi, akakamata jiwe dogo kwa mikono miwili na kulisukuma kwa uzito wa mwili mzima. Akalivuta, akamwaga konzi nyingine ya uwele, akasukuma tena. Ugali wa watu wanane ulitoka hapo. Magoti yake yalikuwa na sugu nyeusi, na vidole gumba vya miguu vilikuwa vimepinda kuelekea juu. Utotoni nilidhani ni uzee tu.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Abu Hureyra, kijiji cha kale kando ya Mto Frati huko Syria. Wanaakiolojia walikichimba mbio mbio mwaka 1972 na 1973 kabla maji ya bwawa jipya hayajakifunika. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa wawindaji na waokotaji. Waliofuata walikuwa miongoni mwa wakulima wa kwanza duniani. Mtaalamu wa mifupa Theya Molleson alipoyachunguza mabaki ya watu wa kijiji hicho alikuta jambo linalojirudia: vidole gumba vya miguu vilivyoharibika kwenye kiungo, magoti yenye alama za kukandamizwa kwa miaka, pingili za mgongo zilizoumia. Alama hizo zilikuwa nyingi zaidi kwa wanawake na wasichana. Maelezo yake ni kwamba walikuwa wakishinda wamepiga magoti wakisaga nafaka, tangu wangali wadogo. Meno nayo yalikuwa yamelika na kuvunjika kwa changarawe iliyoingia kwenye unga.

Niliposoma orodha ile ya viungo nilimwona bibi yangu. Tangu hapo sijaweza kulichukulia suala hili kama mabishano ya vitabuni. Binadamu alipopunguza kuwinda na kuokota, akaanza kulima, maisha yake yalipanda au yalishuka?

Shuleni jibu lilikuwa limenyooka. Zama za Mawe zilichorwa ubaoni kama ngazi: chini kabisa mtu wa kale anaokota matunda, anawinda, anahamahama na kulala mapangoni, juu yake mkulima, mwenye chakula cha uhakika, makazi ya kudumu na muda wa kupumzika. Niliikariri ngazi hiyo nikapata alama zangu. Muda wa kupumzika! Mwalimu wetu mwenyewe alikuwa na shamba, na wakati wa palizi alikuja darasani amechoka hoi, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Upande wa pili nao una jibu lililonyooka vilevile. Mwaka 1966, katika mkutano wa wanaanthropolojia mjini Chicago, Marshall Sahlins alitoa hoja kwamba wawindaji ndio jamii ya kwanza ya watu wenye neema, kwa kuwa walihitaji machache na machache hayo walikuwa nayo. Alitegemea hesabu za watafiti waliokaa porini. Richard Lee, aliyeishi na Wasani wa Dobe katika Kalahari ya Botswana, alikuta watu wazima wakitafuta chakula kama siku mbili na nusu tu kwa wiki. James Woodburn, aliyefika kwa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi mwaka 1958, alikadiria kwamba kutafuta chakula kuliwachukua wastani wa chini ya saa 2 kwa siku. Lee alipouliza kwa nini hawalimi kama jirani zao, alijibiwa kwa swali: tupande kwa nini, na karanga za mongongo zimejaa tele duniani? Mwaka 1987 mwanasayansi Jared Diamond akaenda mbali zaidi, akakiita kilimo kosa baya kuliko yote katika historia ya binadamu.

Kauli ya Diamond ilisimama juu ya mifupa. Huko Illinois, Marekani, kuna eneo la makaburi liitwalo Dickson Mounds, ambako watu walizikwa kabla na baada ya jamii yao kugeukia kilimo cha mahindi kwenye karne ya 12. George Armelagos na wenzake walilinganisha vipindi hivyo. Baada ya mahindi kushika, kasoro za meno zinazoachwa na njaa au ugonjwa wa utotoni ziliongezeka kwa karibu nusu. Dalili za upungufu wa damu ziliongezeka mara 4, na alama za maambukizi kwenye mifupa mara 3. Umri wa kuishi uliotarajiwa kwa mtoto anayezaliwa ulishuka kutoka miaka 26 hadi 19. Na kwa makadirio aliyoyatumia Diamond kuhusu Ugiriki na Uturuki, wanaume waliokuwa na kimo cha karibu sentimita 175 mwishoni mwa enzi ya barafu walikuwa wameshuka hadi kama sentimita 160 ilipofika mwaka 3000 KK.

Sababu zake mtu yeyote aliyekulia shambani anazielewa bila kuelezwa sana. Nafaka inajaza tumbo, lakini mtoto anayekula uji mtupu asubuhi na ugali mtupu usiku hukua akiwa mnyonge. Watu wakikaa mahali pamoja mwaka mzima, uchafu wao unakaa nao, maji yanachafuka, panya wanakuja kwenye ghala. Surua haiwezi kudumu kwenye kambi ya watu 30, ila kwenye miji iliyosongamana inapata mwili mpya kila wiki. Halafu kuna ile hatari ya kuweka roho yako yote kwenye zao moja au mawili. Jua likizidi, au kwelea kwelea wakitua shambani, mwaka mzima umekwenda. Mhadzabe ana mizizi ya aina kadhaa, ana ubuyu, ana matunda madogo ya vichakani, ana asali, ana kila mnyama anayeweza kupigwa mshale, kuanzia kwelea hadi pofu. Kimoja kikikosekana anageukia kingine.

Kuhusu kazi, kuna ushahidi wa karibuni wa watu walio hai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Waagta wa Ufilipino, ambao baadhi yao bado wanategemea kuwinda, kuvua na kuokota huku wengine wakiwa wameingia kwenye kilimo, ulionyesha kwamba wanaolima hufanya kazi takriban saa 10 zaidi kwa wiki. Waliopoteza muda wa kupumzika kuliko wote ni wanawake. Kutoka Abu Hureyra hadi Ufilipino ni safari ndefu, na bado anayelipa bei ni yuleyule.

Hadi hapa ningeweza kuinuka nikasema Diamond ameshinda. Nilikuwa nafikiri hivyo kwa miaka kadhaa. Kilichonirudisha nyuma ni kitanga cha pili cha mizani, ambacho wasifiaji wa maisha ya porini hukipakia mzigo mwepesi mno.

Tuanze na zile saa za Lee. Baadaye yeye mwenyewe alizijumlisha upya, akaongeza kupasua karanga, kupika, kuchota maji, kuni, kutengeneza zana. Jumla ikavuka saa 40 kwa wiki, kwa wanaume na kwa wanawake. Bado si mzigo wa mkulima wa jembe la mkono wakati wa palizi, ila ile picha ya watu wanaokula kisha kulala kivulini imeondoka. Kupasua karanga ngumu kwa jiwe ni kazi, kama kusaga uwele kulivyokuwa kazi kwa bibi.

Nyama pia. Kristen Hawkes na wenzake waliwafuata wawindaji wa Kihadzabe na kuhesabu siku zao. Mwindaji anayetafuta mnyama mkubwa alirudi mikono mitupu karibu siku 97 kati ya 100. Familia ingengoja nyama ya baba peke yake, ingekufa njaa. Kilichoilisha kambi jioni ni mizizi, na waliokuwa wakiichimba kwa bidii kuliko wote ni bibi, wanawake waliopita umri wa kuzaa. Wanakaa chini, wanatia muo kwenye udongo mgumu kati ya mawe, wanapekecha, wanachokonoa, wanauvuta mzizi mrefu kama mkono. Watoto wa binti zao walikua kwa jasho hilo.

Halafu watoto wenyewe. Hapa naomba msomaji asipite haraka. Kwa takwimu zilizokusanywa kwa miongo kadhaa kati ya Wahadzabe wanaoishi porini, kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu 21 hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na wasiofika miaka 15 ni karibu 46. Ni karibu nusu. Anayevuka hapo ana nafasi nzuri ya kuona wajukuu. Katika jamii nyingi za wawindaji waliofanyiwa utafiti, umri ambao watu wazima wengi hufariki ni karibu miaka 70. Kwa hiyo ni kweli kwamba mzee wa porini ana miguu mizima, moyo mzima na hana kisukari, na wageni hupiga naye picha wakishangaa. Mama yake alizika wangapi? Wale wanaowatamani Wahadzabe kwa ajili ya afya yao hawaulizi hilo.

Amani nayo haikuwa ya kila mahali. Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, kulipatikana mabaki ya watu 27 walioishi yapata miaka 10,000 iliyopita, kabla kilimo wala ufugaji haujafika huko. Katika viunzi 12 vilivyokuwa karibu kamili, 10 vilikuwa na dalili za kuuawa kwa ukatili. Mmoja alikuwa na kipande cha jiwe la volkano kimenasa kwenye fuvu. Mwingine alikuwa mwanamke mjamzito. Wapo wataalamu wanaobisha kama wote walikufa siku moja, na mjadala huo una hoja zake, lakini hakuna anayeweza kuyatazama mafuvu yale akasema vita vililetwa na jembe.

Na mifupa yenyewe ina mtego. Mwaka 1992 kundi la watafiti liliwaonya wenzao kwamba alama ya ugonjwa kwenye mfupa huchukua muda kujitokeza. Anayekufa upesi hana alama. Anayeugua, akahimili, akaishi miaka mingine 20, ndiye mwenye mfupa uliojaa makovu. Kwa maana hiyo makaburi yenye mifupa mizuri yanaweza kuwa ya watu waliokufa haraka, na yale yenye makovu yakawa ya watu waliopata uji wa kuwasogeza siku. Mimi siamini kwamba onyo hili linafuta ushahidi wote wa Dickson Mounds, kwa sababu hata umri wa kufa ulishuka. Ila linatosha kumfanya mtu mwaminifu apunguze sauti.

Jambo jingine la kupunguza sauti ni Wahadzabe wenyewe. Idadi yao ni kama 1,000 na ushee, na wanaopata chakula chao kingi kutoka porini ni mia chache tu. Tunawatumia kama dirisha la kuchungulia miaka 10,000 nyuma, na wao ni watu wa leo. Vichwa vya mishale yao ni vya chuma, wanachopata kwa kubadilishana na Wadatoga. Wamekuwa wakipeana asali, nyama, tumbaku na nafaka na jirani zao kwa vizazi. Ardhi waliyobaki nayo ni ile ambayo mkulima na mfugaji waliiona kavu mno, au hawajaifikia bado. Wawindaji wa zamani walikalia mabonde mazuri, kingo za mito na maziwa yenye samaki. Ukilinganisha mwindaji aliyesukumwa pembeni na mkulima aliyechukua bonde, umeshapinda mizani kabla ya kupima.

Sasa kama kilimo kilileta kazi zaidi, vimo vifupi na meno mabovu, kilishindaje? Mbona dunia nzima ikafuata?

Wengi hufikiri mtu fulani alikaa chini akapima, akachagua. Hakuna aliyechagua. Ohalo, kando ya Ziwa la Galilaya, watu waliokota na kusaga nafaka za mwituni miaka 23,000 iliyopita. Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Yordani, kulipatikana makombo ya mkate uliookwa miaka kama 14,400 iliyopita, angalau miaka 4,000 kabla ya kilimo kuanza eneo lile. Maana yake watu walikula mkate wakiwa wawindaji. Waliokota ngano ya mwituni, wakamwaga baadhi ya mbegu njiani, wakarudi mwaka uliofuata pale zilipoota. Ngano ya mwituni ikikomaa hupukutisha punje zake ardhini. Ile yenye suke lisilopukutika hubaki kwa ajili ya mkono wa mvunaji. Mvunaji alikusanya zaidi ile isiyopukutika bila kukusudia, akaipanda, na baada ya zaidi ya miaka 2,000 mmea ukawa hauwezi kujipanda wenyewe. Mtu naye alikuwa ameshafika mahali ambapo bila mmea hawezi kuishi. Hakuna kizazi hata kimoja kilichoona mwanzo na mwisho wa safari hiyo.

Kilichofunga mlango nyuma yao, kwa maoni yangu, ni uji. Mama wa Kisani wa Dobe alinyonyesha mtoto miaka 3 hadi 4, na watoto wake walipishana karibu miaka 4. Hakuna chakula laini cha kumlikizia mapema, na anapohama hawezi kubeba wawili mgongoni. Mama wa kijiji cha nafaka ana uji. Anaweza kumwachisha mtoto ziwa mapema na kupata mimba nyingine. Makaburi ya vizazi vya kwanza vya wakulima yanaonyesha sehemu ya watoto na vijana ikiongezeka, dalili ya watu wanaozaana kwa kasi. Wengi wa watoto hao walikufa, tena pengine kwa wingi kuliko wa wawindaji, lakini waliozaliwa walizidi waliokufa. Baada ya vizazi vichache kijiji kina watu ambao pori la jirani haliwezi tena kuwalisha. Wahadzabe 1,000 walitumia eneo la kilomita za mraba kama 4,000; kila mtu na kilomita zake 4. Tukitaka kurudi porini leo, nani abaki nje?

Hapo ndipo hukumu yangu inapokaa. Kwa mtu mmoja mmoja aliyefika utu uzima, na hasa kwa mwanamke, maisha ya kuwinda na kuokota yalikuwa bora kuliko maisha ya wakulima wa mwanzo. Kwa ukoo unaotaka kuendelea kuwapo, jembe lilishinda, na lilishinda kwa idadi. Bibi mwenye magoti yenye sugu na wajukuu 20 amebeba ushindi huo na gharama yake mwilini mwake.

Lakini kuna tofauti moja ambayo mifupa haiwezi kuionyesha, nayo naiona kubwa kuliko zote: kusubiri. Woodburn aliieleza mwaka 1982 akitumia yale aliyoyaona kwa Wahadzabe. Mhadzabe anachimba mzizi asubuhi, anauchoma, anaula mchana uleule. Mkulima anafukia chakula kizuri kabisa ardhini wakati watoto wana njaa, kisha anangoja miezi. Tazama jinsi lugha yetu yenyewe ilivyo ya wakulima. Akiba haiozi. Haba na haba hujaza kibaba. Mchumia juani hulia kivulini. Subira huvuta heri. Mhadzabe aliyeangusha pofu jioni hana matumizi na maneno haya, kwa sababu nyama itaoza keshokutwa. Akiba yake ni matumbo ya wenzake: anawalisha leo, kesho watamlisha. Hata hivyo Kiswahili kimekumbuka upande wa pili pia, maana tunasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Anayesubiri hawezi kuondoka. Kambini, mtu akichoshwa na mwenzake anachukua upinde na podo lake, au muo wake, anahamia kambi nyingine kabla ya jua kuzama. Hakuna anayemzuia na hakuna anachokiacha. Tena kila mwanamume ana mishale ya sumu, kwa hiyo mbabe anayewaonea wengine hawezi kulala usingizi mzito. Mkulima aliyekwisha kupalilia ameacha jasho la miezi 4 shambani. Ukimwonea atavumilia mpaka avune. Akishavuna ana kihenge kimejaa, na kihenge kinahitaji mlinzi, na mlinzi anahitaji kulishwa. Kuna anayekuja kuhesabu vibaba na kuchukua sehemu yake. Mzizi ulioko chini ya ardhi porini hakuna anayeweza kuuhesabu.

Wengi wanaosimulia jambo hili humalizia kwa kusema kilimo kilileta wafalme na utumwa. Ushahidi hauendi moja kwa moja hivyo, na kwetu Afrika Mashariki ndiko unakokataa waziwazi. Huku kwetu mifugo ilitangulia mashamba. Wafugaji wa kwanza walipofika Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, walijenga Lothagam, makaburi makubwa yenye nguzo za mawe, walikozikwa watu wasiopungua 580. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2018 walikuta mapambo kwa karibu kila aliyezikwa: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Hapakuwa na kaburi la mkubwa lililotengwa. Uturuki, mji wa Çatalhöyük ulikaliwa na wakulima kwa zaidi ya miaka 1,000 kuanzia yapata 7100 KK, nyumba zikiwa zimebanana na kufanana, bila kasri. Kwa upande mwingine, wavuvi na wawindaji wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika Kaskazini hawakupanda nafaka, na walikuwa na machifu, matabaka na watumwa. Walikuwa na nini? Walikuwa na samaki aina ya samoni, waliokaushwa na kuhifadhiwa kwa wingi.

Kwa hiyo mimi sililaumu jembe. Kinachotenganisha watu ni chakula kinachoweza kufungiwa, pamoja na watu wasio na pengine pa kwenda. Pakiwa na vyote viwili, anayeshika ghala ndiye anayetawala, awe mvuvi au mkulima. Pakikosekana kimoja, wakulima wanaweza kukaa kwa usawa miaka 1,000.

Naandika haya kwa sababu kwetu ulinganisho huu haujapita. Umetumika kuhamisha watu. Tangu mwaka 1927 utawala wa Kiingereza ulijaribu kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja wawe wakulima, na baada ya uhuru tuliendelea palepale. Katikati ya miaka ya 1960 wengi walikusanywa Yaeda Chini, wakapewa mbegu, shule na nyumba. Nia ilikuwa njema, na ilitoka kwenye ngazi ileile ya ubaoni. Methali tuliyoipenda wakati huo ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ila hapo mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe. Magonjwa ya msongamano yalienea kati ya watu waliozoea kambi ndogo, wengi wakafa, na ndani ya miaka michache waliobaki walikuwa wamerudi porini. Yaliyoandikwa kwenye mifupa ya Abu Hureyra na Dickson Mounds kwa karne nyingi, Yaeda Chini yalitokea ndani ya misimu michache ya mvua.

Jirani zetu wana hadithi zao. Batwa wa kusini magharibi mwa Uganda waliondolewa msituni mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa, wakawa vibarua kwenye mashamba ya wengine. Waogiek wa msitu wa Mau walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 mahakama ikaamuru Kenya iwalipe fidia na kuwapa hati za ardhi yao. Hawa ni watu waliotoka kwenye maisha ya pori wakaingia ya kilimo bila kupewa kile kimoja ambacho mkulima hawezi kuishi bila nacho.

Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, zaidi ya hekta 20,000, na msitu wao sasa unawaingizia fedha kupitia biashara ya hewa ukaa. Upande wa Mang'ola mashamba ya vitunguu yanazidi kusogea. Anayelima kitunguu pale naye ana watoto wa kulisha. Simwoni kuwa adui. Ninachokataa ni ile hoja kwamba kwa kuwa jembe lilishinda duniani kote, basi aliyebaki bila jembe amechelewa na ardhi yake iko wazi.

Na wale watoto 46 kati ya 100? Wanaowatetea Wahadzabe wasiwafiche, na wanaotaka kuwahamisha wasiwafanye kisingizio. Chanjo haimdai mtu shamba. Muuguzi mwenye pikipiki na kasha la barafu anaweza kuifikia kambi, akachanja surua, akatibu nimonia ya mtoto, akaondoka. Mtoto huyo akipona, kesho yake asubuhi anaweza kumfuata bibi yake anayekwenda kuchimba mizizi.